Kitwitwi wa Bwawa la Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka wa tatu sasa mimi ni "mtazamaji mgeni" katika chama chetu cha watazama ndege. Mgeni! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata mpini sijaonyeshwa. Ili uwe mwanachama kamili lazima utoe taarifa ya ndege adimu, na Daktari aikubali. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikubaliwa mwezi uliopita. Alikuwa anaanika suruali, mwewe adimu akapita, basi. Bahati ya mtende! Sasa beji haimtoki kifuani. Nashuku anaoga nayo.

Daktari ni daktari wa meno, na ndiye anayepima taarifa zetu. Niseme ukweli, hakuna kama yule mama. Aliwahi kuning'oa gego dirisha likiwa wazi. Ndege akalia nje mara moja tu, naye akamtaja jina, jinsia, na kwamba ana njaa. Koleo halikutikisika. Nililia, lakini nusu ya machozi ilikuwa ya heshima.

Mkutano ni Jumapili. Lazima nipate ndege!

Jumatano, 5 Machi

Kazi yangu ni pampu, kwenye mabwawa ya maji taka ya mji. Chama kizima kinanionea wivu, maana ndege wa matope wanaipenda harufu ile kuliko mimi ninavyoichukia. Leo nimeangaza macho kutwa. Hakuna kitu. Bwawa la tatu kuna kandege kamoja tu ka kijivu, kanazunguka juu ya maji kama pia. Kanazunguka, kanadonoa, kanazunguka tena. Nadhani kanaumwa. Lakini kazuri, jamani! Nimekaangalia mpaka chai ikapoa na msimamizi akauliza kama nami naumwa.

Halafu nikazinduka. Nikakapigia makofi kaondoke, kasije kakawatisha ndege wa maana. Kakahamia ukingo wa pili, kakaendelea kuzunguka. Kana roho ngumu, nakasifu.

Ijumaa, 7 Machi

Sheria ya Daktari: kwanza tangaza ulichokiona, ndipo ufungue kitabu. Mimi nimegeuza mpangilio kidogo tu. Nimefungua kitabu, nikachagua kitwitwi shingo-nyekundu. Ni adimu kweli, na ni ndege wa majini, kwa hiyo bwawa langu linamfaa. Nikatangaza kwenye kundi la simu kwamba nimemwona leo asubuhi.

Daktari akauliza shingo ilikuwa nyekundu kiasi gani. Nikajibu kama tofali jipya. Akauliza alikuwa anafanya nini. Nikatazama picha, nikajibu amesimama ubavu, mguu mmoja mbele. Akasema asante, atakuja mwenyewe Jumapili kabla ya mkutano. Kuja mwenyewe! Mke wangu akanikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia fupi ndiyo nzuri, mkutano uko karibu. Nimepiga pasi shati la kubandikia beji.

Jumapili, 9 Machi

Nimeumbuka. Daktari alifika na shemeji, wote kwenye mabuti. Mama yule alisimama katikati ya uvundo kama yuko bustanini. Angeweza kunifokea. Badala yake alinivuta kando, akanieleza taratibu kwamba shingo nyekundu huvaliwa wanakozalia, mbali kaskazini. Wakiwa huku kwetu, miezi hii, wanakuwa kijivu. Kitabu changu kimechora nguo ya harusi. Pengo la gego likaanza kuniuma upya.

Hapo shemeji akauliza, na yule anayezunguka?

Daktari akainua darubini. Mikono ikamtetemeka. Ile mikono! Akanong'ona kwamba ndiye, kitwitwi shingo-nyekundu mwenyewe, na huzunguka hivyo ili kuvuta vijidudu vije juu. Macho yake yalilowa. Sijawahi kumwona binadamu akifurahi vile mbele ya maji taka, na nilimpenda kwa hilo.

Kisha, roho yake ilivyo nzuri, akanifungulia mlango. Akaniuliza kama labda huyu ndiye niliyemwona, na wekundu ulikuwa mwanga wa asubuhi tu. Neno moja! Ningesema ndiyo, ningekuwa mwanachama. Lakini mwanamume msimamo. Nikaapa wangu alikuwa mwekundu, na kwamba hako ni kagonjwa, nakajua. Akauliza tena. Nikaapa tena.

Taarifa imeandikwa kwa jina la shemeji. Nilienda kukung'uta buti langu lililoingia maji. Kwa mbali nikamsikia Daktari akimwambia kwamba mwisho wa Aprili, wakikaribia kuondoka, mmojammoja huanza kuvaa ule wekundu hukuhuku, na kwamba kumwona hivyo ndiyo ndoto yake ya maisha. Sikufuatilia. Soksi ilikuwa imelowa.

Jumanne, 29 Aprili

Mimi si mtu wa kurudia kosa. Leo asubuhi bwawa la tatu kalikuwako kandege kenye shingo nyekundu, tofali jipya kabisa, kanazunguka kama pia. Nikacheka peke yangu. Nilishaambiwa huku kwetu ni kijivu! Hunidanganyi mara mbili, ndugu yangu. Nikakapigia makofi. Kakapaa, kakazunguka bwawa mara moja, kazuri ajabu, kakashika njia ya kaskazini.

Daktari ametuma ujumbe mrefu kwenye kundi, anatuomba tuwe macho wiki hii kwa ajili ya kitu fulani. Nimesoma salamu tu, nilikuwa na haraka. Taarifa yangu nimeshaituma: kitwitwi shingo-nyekundu, bwawa la tatu, leo asubuhi, kijivu tupu.

Shati nimelipiga pasi.