Tu-stroku Yetu na Mafuta ya Pamba

Jumatatu, 4 Julai 1994

Nimeshinda! Pikipiki yetu foo-stroku, nzito kama dume la kulimia, imeondoka. Gharib mwenye duka hapa Somanda kaichukua, katupatia tu-stroku yake. Nyepesi! Inalia kama nyuki waliochokozwa.

Mume wangu alinuna. Alisema ile haijawahi kumlaza njiani. Nikamwambia wala haijawahi kumfikisha mapema.

Alhamisi mnunuzi binafsi wa pamba anachagua mwenye pikipiki wa kumzungusha karani wake vijijini. Baba Martha akikosa, anaenda Kimali kuchunga ng'ombe wa mjomba mpaka mvua. Martha hata kutembea bado. Atamsahau baba yake. Sikubali.

Jumanne, 5 Julai

Gharib kapita. Kasisitiza petroli ya hii ichanganywe na oili yake maalumu. Eti dukani kwake ipo. Mfanyabiashara huyo! Ndani nina dumu zima la mafuta ya pamba, kaleta mama. Yanalainisha bawaba za mlango. Yanalainisha hata mgongo wa Martha.

Jumatano, 6 Julai

Nimechanganya mwenyewe. Nimezidisha kidogo, kwa upendo. Imewaka! Moshi mweupe, mtamu. Jirani Benedikta kauliza nakaanga nini. Wivu.

Alhamisi, 7 Julai

Dutwa, kituo cha pamba. Wenye pikipiki waliambiwa wazunguke uwanja. Baba Martha alitangulia, Gharib nyuma na foo-stroku yetu, kumbe naye anaitaka kazi. Martha mgongoni anapiga makofi. Mara tu-stroku ikakohoa, ikakwama, ikamtupa mume wangu kwenye lundo la pamba. Mzima, ila mweupe kama kuku. Watoto wakaja mbio wakifuata harufu.

Karani Constantine akanusa. "Kaka, hapa tunapima pamba. Maandazi ni kule kwa akina mama."

Kamchukua Gharib.

Njiani Baba Martha alisema neno moja tu. "Nilikuuliza umeweka nini. Ukanijibu imani."

Jumamosi, 9 Julai

Kapanda basi la Kimali. Martha alipungia vumbi. Nililia, nikanawa uso.

Fundi kafungua injini, kasema imenata kama sufuria ya ugali. Naye anasema oili ya dukani tu. Hawa wameshaelewana na Gharib.

Nimefikiri vizuri. Kosa ni la pamba. Pamba ni mmea, itawezaje vishindo? Injini inataka kitu cha mnyama. Nimemwandikia Baba Martha barua, atume samli, chupa nzima.

Nimemwambia ni ya uji wa mtoto.