Uso wa Jiwe wa Deeq bin Barre, na Vita Vyake vya Karata za Simu katika Soko la Mifugo la Garissa

Teremsheni vibuyu, enyi mama mnaouza maziwa ya ngamia kutoka daraja la mto Tana hadi njia panda ya Modogashe. Zimeni redio, fungeni mbuzi, na kila mwenye mtoto wa kiume mwenye simu asogee mbele kabisa, maana habari hii ni yake kabla haijawa ya jirani. Na wewe Mola, uliyeumba kidole gumba ukakipa nguvu ya kujenga nyumba na kuibomoa, tupe pumzi tuifikishe mwisho.

Alikuwapo, na bado yupo, na anakula vizuri alhamdulillahi, Deeq bin Barre, dalali wa mbuzi na ngamia, Uso-wa-Jiwe, Mlima Usiovuja, mtu ambaye wanunuzi wa bara wakimwona kwa mbali huanza kushika mifuko yao. Kwa asiyelijua soko letu, na ajue kwamba bei ya mnyama hapa haisemwi kwa kinywa. Dalali hutandaza shuka juu ya mikono, na huko gizani chini ya shuka mkono wake hukamata mkono wa mnunuzi, vidole vikazungumza: kidole hiki ni bei hii, vile viwili ni bei ile, kiganja kizima ni tamko la mwisho. Watu waliosimama kando hawaambulii kitu ila nyuso mbili. Kwa hiyo uso wa dalali ndio ngao yake, na katika uwanja wote hapakuwa na ngao nene kama ya Deeq. Siku moja dume la ngamia lilimkanyaga mguu katikati ya bei naye hakupepesa jicho. Mnunuzi akadhani anatafakari, akaongeza.

Hata mama yake, Batula binti Mursal, muuza maziwa, aliyemzaa na kumnyonyesha na kumwogesha, hakuwa amemwona akicheka tangu alipoota ndevu. Alimwombea mke, alimwombea afya, na siku nyingine, akiwa peke yake na Mola wake, alimwombea walau atabasamu.

Sasa akashuka kutoka Nairobi Abdinasir, mwana wa shangazi yake Deeq, kijana wa viatu vyeupe visivyojua vumbi, akaketi na shujaa wetu kwenye kibanda cha chai, na Batula akiwa pale pale akiwapimia maziwa akasikia yote.

"Buda, kuna game ya karata kwa simu," Abdinasir akanena. "Si ya watoto. Ni ya doo halisi. Unakaa meza moja na watu wa dunia nzima, na anayeshinda si mwenye karata poa. Anayeshinda ni mwenye sura haisomeki."

"Haisomeki vipi?"

"Kama hiyo yako. Wewe ata ukipewa habari ya harusi unakaa kama umepewa ya msiba. Kule wangekuogopa, walahi."

"Hiyo ni kamari," Batula akasema, akifunga kifuniko cha jerikeni.

"Hapana, eddo," Abdinasir akamjibu kwa neno la kumheshimu shangazi. "Hii ni akili."

"Hata Iblisi hakufukuzwa kwa kukosa akili."

Wakacheka wote isipokuwa Deeq, ambaye hacheki. Lakini maneno ya Abdinasir yalikwisha kumwingia kifuani kama kupe aingiavyo sikioni mwa ngamia: kimya, na kwa nia ya kukaa.

Hata ilipofika siku kuu ya soko, vumbi likapanda mpaka makorongo wa jalala wakakohoa, akaja Mzee Ogle kutoka Modogashe na mbuzi wake wote waliobaki baada ya ukame. Deeq akatandaza shuka, vidole vikanguruma huko chini, bei ikapanda kama moto wa nyasi, na mbuzi wakauzwa vizuri kuliko mbuzi yeyote wa asubuhi ile. Mnunuzi akatuma pesa kwa simu, na simu ikawa ya Deeq, kwa sababu Mzee Ogle hana imani na simu. Ana imani na Deeq.

"Kaa nazo, adeer," mzee akamwambia, akimwita ami, kama waitanavyo wazee na vijana wetu. "Nikitoka kuswali alasiri tutakwenda wote dukani, nipakie unga na sukari na mchele. Lori linaondoka kabla ya magharibi. Sina mbuzi mwingine wa kurudi kuuza."

"Ni amana, adeer," Deeq akajibu.

Neno hilo, enyi mama, katika soko letu halina risiti wala shahidi. Dalali akilisema, mwenye mali hulala usingizi. Akilivunja mara moja, hata mbuzi wake mwenyewe hatanunuliwa na mtu.

Batula akaja na chakula cha mchana, anjera imefungwa kitambaani na chupa ya chai, na begani kibuyu cha maziwa ya kuuza. Akamtafuta mwanawe kwenye zizi, hayupo. Kwenye kibanda, hayupo. Akamkuta nyuma ya tangi la maji, peke yake na beberu mmoja aliyefungwa akingoja kupakiwa, na aliyoyaona huko yakamsimamisha palepale. Mwanawe alikuwa ameinua simu mbele ya uso wake, anageuka kulia, anageuka kushoto, anageuka kulia tena, kama mtu atoaye salamu ya mwisho wa sala, na mkeka hakuna, na kibla kiko mgongoni.

"Deeq," akaita kwa upole, jinsi mtu anavyomwita aliyepanda mti mbovu.

"Subiri, hooyo. Imesema nipepese."

Na Deeq akapepesa macho mbele ya simu, mara moja, mara mbili, kwa uso ule ule wa jiwe. Batula hakusubiri, akiamini mwanawe amepandwa na jini. Aliyejua majini ya nyuma ya matangi alijua dawa yake. Akasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kishujaa, akafungua kibuyu, na maziwa meupe ya ngamia, ya kuuza, yakamshukia Deeq bin Barre kutoka utosini mpaka ndevuni.

"Hooyo," Deeq akasema, maziwa yakimtona puani, bila kukunja hata kope, "nimo vitani."

Akamweleza. Alikuwa anafungua mlango wa ile nyumba ya karata. Jina lake wamelikubali, kitambulisho wamekikubali, lakini kwenye lango la mwisho pana bawabu asiye na mwili, na bawabu huyo anataka kuona kama aliye mbele yake ni mtu hai au ni picha tu. Geuka, akageuka. Pepesa, akapepesa. Kisha bawabu akaamuru: tabasamu. Hapo ndipo jeshi la Deeq lilipokwama tangu mbuzi walipouzwa. Alinyanyua midomo kwa vidole, bawabu akakataa. Alionyesha meno yote, bawabu akaandika kwamba huyu hajathibitika kuwa mtu.

"Mimi, hooyo," akasema Uso-wa-Jiwe, "niliyemshinda mnunuzi wa Thika na wa Mombasa, nimeambiwa na simu kwamba mimi si mtu."

"Simu ina haki," Batula akajibu. "Nimeona picha ya pasipoti iliyochangamka kuliko wewe."

Basi, kwa kuwa historia hupenda kupita kwenye milango midogo, yule beberu, mmoja wa wale waliokuwa wa Mzee Ogle, akanusa maziwa. Akanyoosha shingo. Akauingiza ulimi wake, mrefu na wenye kukwaruza kama dodoki, ndani kabisa ya sikio la shujaa. Ngome ikatetemeka. Upande wa kushoto wa mdomo ukaanguka, wa kulia ukafuata, na Deeq bin Barre akacheka, kicheko cha mtoto wa duksi, chuo cha Kurani, na Batula akashika moyo wake, kwa sababu ile ndiyo dua aliyoiomba kwa miaka, na hakujua kwamba ingejibiwa mahali kama hapa.

Simu ikalia: *Hongera. Umethibitishwa. Karibu mezani.*

Lango likafunguka, na aliyelifungua ni yeye mwenyewe, mama, kwa kibuyu chake. Batula akakitazama kibuyu kilichobaki kitupu.

Kwanza nyumba ile ikampa Deeq vipande vya bure vya kujifunzia, vilivyosimama mahali pa pesa. Shujaa akaketi juu ya jerikeni iliyopinduliwa, akajifunika shuka mabegani, akarudisha uso wake wa jiwe mahali pake na kuuelekeza kwenye simu. Akapewa karata mbaya, hazina ndugu wala jamaa. Hakushtuka. Akasukuma vipande vyote mbele kwa pigo moja, akatulia, akiwaachia maadui wauone uso ule na kukimbia. Adui mmoja aliyejiita Bibi Harusi hakukimbia. Akafunua karata zake, akakomba kila kitu, akatuma kijipicha cha ua.

Deeq akajaribu tena, uso mgumu zaidi. Bibi Harusi akatuma ua jingine.

"Hawaogopi kwa sababu ni vya bure," Deeq akasema. "Nani anaogopa mbele ya kitu cha bure? Weka pesa ya kweli uone watakavyotetemeka." Na kidole gumba chake kikaanza safari kuelekea palipoandikwa *Weka pesa*.

Batula akajua, maana mama hujua, kwamba mwanawe hana pesa yake ndani ya simu ile. Juzi alimwomba nauli.

"Deeq. Pesa gani hiyo?"

"Nitairudisha kabla ya alasiri, hooyo. Itatoka na itarudi na nyingine. Mzee hatajua hata kama ilitembea."

"Nikuulize kitu kimoja, mimi nisiyesoma sana. Hao watu wa meza. Wanakuonea wapi?"

"Wananionea wapi nini?"

"Huo uso."

 Beberu akatafuna kamba. Deeq akaigeuza simu, akaitazama mgongo, akaitazama mbele tena, akatazama vijiduara vidogo vya maadui zake, ambavyo vilikuwa na picha za maua na magari na paka. Jasho likachomoza kwenye paji ambalo jua la Garissa lenyewe lilikuwa limeshindwa kulitoa jasho.

Lakini kiburi, enyi mama, hakifi kwa pigo moja. "Basi nitacheza kwa akili," akasema kwa sauti ndogo. Akaandika kiasi, mbuzi wote wa Mzee Ogle kwa tarakimu. Simu ikamwomba namba ya siri. Imebaki hiyo tu.

Hapo Batula binti Mursal, mtoto wa dalali na mjukuu wa dalali, akafanya jambo ambalo wanawake hawalifanyi sokoni. Akaketi mbele ya mwanawe, akauvuta upande wa shuka juu ya mikono yao, na gizani akaukamata mkono wake.

"Nimekuja kununua," akasema.

"Hooyo, watu wataona."

"Wataona nyuso mbili. Nanunua jina lako. Lile Mzee Ogle analolalia usingizi. Nitajie bei."

Uso wa Deeq haukusema kitu. Vidole vyake navyo, vile vidole vilivyokuwa vikinguruma, vikalala mkononi mwa mama yake. Akajaribu kutoa kimoja, kikarudi. Akajaribu viwili. Akajaribu kiganja kizima, tamko la mwisho, nacho kikajikunja chenyewe kama jani la jioni.

"Sina bei, hooyo."

"Kama huna bei, mbona umelileta mnadani?"

Mkono wake wa pili, wenye simu, ulikuwa nje ya shuka, na gumba lilikuwa limening'inia juu ya kioo. Enyi mliokwisha kuona majeshi yakirudi nyuma, hamjaona kitu. Gumba lile lilisogea kutoka kulia kwenda kushoto, mwendo wa upana wa punje ya mahindi, likivuka jangwa zima la fahari na ahadi, likashuka juu ya neno dogo la kijivu lililokaa pembeni kama mtu maskini harusini. *Ghairi.* Likabonyeza.

Hakuna tarumbeta. Ila kutoka msikitini ikapanda adhana ya alasiri.

Mzee Ogle akaja baadaye, ndevu bado zina maji ya udhu. Akamkuta Deeq ananuka maziwa, na sikio moja limelowa.

"Nabad, adeer. Kuna nini?"

"Nabad. Twende dukani sasa hivi," Deeq akasema, na akatembea mbele yake haraka hata mzee akalalamika kuhusu magoti. Wakanunua unga, wakanunua sukari na mchele, na pesa zote zikatoka kwenye simu zikaingia mahali palipostahili. Lori likaondoka kuelekea Modogashe na Mzee Ogle juu ya magunia, akisinzia, mshindi wa vita ambavyo hakuambiwa vilipigwa.

Abdinasir akauliza jioni kama meza ilikuwa tamu. Deeq akamwambia, "Nenda wewe, sura yako haionekani pia," na huyo wa viatu vyeupe mpaka leo anaifikiria sentensi hiyo.

Ile nyumba ya karata haikukata tamaa. Simu ya Deeq bado inalia akiwa anakula, akiwa zizini: *Shujaa, kiti chako kinakusubiri. Shujaa, tumekuongezea zawadi.* Naye kila inapolia huiinua, huitazama kwa ule uso wa jiwe usiopepesa, usiokunjika, usioahidi chochote, mpaka kioo kizime chenyewe. Kisha humpa mama yake simu amshikie, akaendelea na anjera yake.

Basi na liandikwe, hata kama ni kwa mkaa juu ya ukuta wa tangi la maji, kwamba siku ile Deeq bin Barre alicheka mara moja na kughairi mara moja, na mama yake alipoteza kibuyu kizima cha maziwa na hakudai. Nanyi wenzangu, mkimwona mwana nyuma ya nyumba anageuza kichwa kulia na kushoto bila mkeka, msimmwagie maziwa. Kaeni naye, mshikeni mkono, mmuulize bei.