Ardhi Yako Inamzuia Binti Yangu Kuolewa

Mheshimiwa Mhandisi Mkuu wa Barabara Mpya,

Pokea salamu za jirani yako, yule mama ambaye ua wake unapakana na kile kilima cha kifusi ulichorundika juu ya tope. Mpimaji wako amemposa binti yangu, nasi tumemkubali, na nguo zimeshonwa. Ila kila tukimwuliza siku ya harusi, anasema umemnyima ruhusa mpaka ardhi itulie. Basi nalalamika hivi:

1. Tulielezwa kwamba kifusi kinalikamua tope maji, linatitia, kisha linatulia, ndipo barabara ipite juu yake. Hongereni kwa elimu! Sisi wengine nyumba ikititia tunalia. Ninyi mnaandika na kupeana mikono.

2. Kila asubuhi mkwe wangu mtarajiwa anachungulia darubini kuona kama vile vyuma vilivyosimikwa kwenye kifusi vimeshuka. Vyote vimetulia isipokuwa kimoja, cha karibu na ua wangu, ambacho kinashuka tu. Chuma kimoja, Mheshimiwa! Mwanangu azeekee nyumbani kwa ajili ya chuma?

3. Nasikia dawa yako ni kuongeza kifusi. Kama mzigo ndio unaotuliza, mbona mimi nimebeba watoto, wajukuu na baba yao anayeshinda kwenye kiti, na bado sijatulia?

4. Kwa hiyo naomba utangaze rasmi kwamba ardhi imetulia. Ikibisha, huo ni utovu wake wa adabu, wewe hulaumiwi.

5. Ukikataa, harusi tutaifanyia juu ya kifusi chako. Ukoo wetu ni wa watu wanene na wanapenda kucheza. Tuone kama hakitatulia.

Binti analia, nami roho inaniuma, sikufichi. Mvumilivu hula mbivu, lakini hii yetu inaelekea kuoza.

Nisalimie walinzi, wapishi, na yule dereva wa buldoza anayetuamsha bila kuombwa.

Ni mimi jirani yako nisiyetulia,
Mama Bibi Harusi, ardhi ikipenda.

N.B. Tafadhali mtume fundi akinyooshe kile chuma cha karibu na ua. Huwa nakifungia kamba ya kuanikia nguo mpimaji akishaondoka, na kuifungua alfajiri kabla hajaja, maana mkwe kuona nguo za ndani za mama mkwe ni aibu. Tangu nianze kufua mablanketi ya harusi kinazidi kuinama, na mablanketi bado ni mengi.