Krismasi ya Nyuzi Nne

Jumamosi, 12 Desemba

Spika yangu imekufa. Katikati ya mazoezi! Imekohoa, imetoa moshi mwembamba, kimya. Ila kilichoniuma si moshi. Bendi nzima iliendelea mpaka mwisho wa wimbo na hakuna aliyeshtuka. Mpiga besi kazimika na watu wanajipigia tu.

Baadaye kiongozi wa bendi aliniita pembeni. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema tuna onyesho la mchana siku ya mwaka mpya, ukumbi mkubwa, na kama besi haitasikika siku hiyo, mpiga kinanda ataifanya kazi yangu kwa mkono wake wa kushoto. Mkono wa kushoto! Miaka yote hii kwenye bendi, leo nashindanishwa na kipande cha mtu. Kuanzia sasa huyo bwana wa kinanda namwita Mkono wa Kushoto. Hata usoni pake nitamwita hivyo, nikipata ujasiri.

Nimejaribu kuitibu spika. Mimi ni fundi wa makochi, sponji kwangu hazikosekani. Nimeishindilia sponji. Imefufuka kidogo, inatoa sauti ya mtu anayeomba msaada chini ya godoro.

Mpya siimudu. Lakini Krismasi inakuja! Nimepiga moyo konde: mwaka huu nitapewa zawadi ya mpiga besi, wapende wasipende. Maana historia yangu inatia huruma. Mwaka juzi nilipewa nyuzi sita, nyembamba kama nywele, za gita la solo. Besi ina nyuzi nne. Mwaka jana nikapewa kikombe chenye picha ya gita. La solo! Nilimweleza mke wangu, tena yeye ni mwalimu wa hisabati, kwamba nne si sita. Akasema gita ni gita.

Jumapili, 13 Desemba

Mke wangu ameamua mwaka huu kila mtu anunue zawadi moja tu, kwa mtu mmoja, na iwe siri. Tutachota majina kwenye kofia. Tuko watano: yeye, mimi, binti yetu, mama mkwe na shemeji, kaka yake mke wangu.

Shemeji ana duka la redio na spika. SPIKA. Amezipanga hadi kwenye dari.

Nikajitolea kuandika vikaratasi. Mke wangu alinitazama kwa mshangao, maana si kawaida yangu kujitolea. Nikaandaa kofia mbili. Ya kahawia ina majina yote matano, halali kabisa. Nyeusi ina vikaratasi vitano pia, vyote vimeandikwa jina ninaloitwa nyumbani: Baba Besi. Mpango ulikuwa safi. Shemeji huchelewa kila mahali, alichelewa hata harusi yake. Wote wangechota kwenye ya kahawia, naye akifika ningemletea nyeusi.

Leo amewahi! Amefika wa kwanza, kanyoa, kavaa saa mpya. Nikajikaza kisabuni, nikamletea nyeusi. Akachota, akasoma, akatabasamu. Safi! Nikageuka kuifuata ya kahawia iliyokuwa nyuma ya mlango. Kugeuka tu, mama mkwe kashatia mkono kwenye nyeusi. Akampa binti. Binti akampa mama yake. Kofia ikanirudia na kikaratasi kimoja. Nikakisoma. Nimejipata mimi.

Wote wakakunja vikaratasi vyao kwa siri kubwa. Mimi jasho.

Jioni nimetafakari. Nikisema ukweli, nimeumbuka. Nikinyamaza, watu wanne wananitafutia zawadi badala ya mmoja. Nimenyamaza.

Jumatano, 16 Desemba

Kusema wazi "nataka spika" ni kujianika. Kwa hiyo natoa dokezo. Nimetunga sentensi moja, naiachia kila ninapopata nafasi: kuna kitu nakitamani, kizito, cheusi, kinakaa sakafuni, kikiguswa kinanguruma. Nani atashindwa hapo?

Nimemwachia mama mkwe wakati nampimia kitambaa cha kochi lake, ambalo ananidai ukarabati wake tangu binti yangu hajaanza shule. Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari. Nimemwachia mke wangu akisahihisha madaftari. Akasema "mmh." Nimempigia simu shemeji, nikaisema mara mbili. Akaniambia niache wasiwasi, ameshanielewa kuliko ninavyojielewa mwenyewe.

Roho yangu nyeupe.

Jumatatu, 21 Desemba

Mazoezi. Mkono wa Kushoto amekuja na kinanda kipya, kirefu kama jeneza. Kwa mkono wa kulia alikunywa soda. Kwa wa kushoto alipiga sehemu yangu. Kiongozi alifumba macho, akatikisa mguu. Yule anafumba macho kwa raha tu.

Nilimwambia Mkono wa Kushoto kwamba besi ni moyo wa muziki na moyo haupigwi kwa kinanda. Akanijibu kwa heshima zote kwamba moyo usiposikika, mtu huwa ameshafariki. Bendi ikacheka. Nikacheka pia, ili nisionekane mnyonge. Nilicheka mpaka wenyewe wakaacha.

Nyumbani nimemkuta mke wangu anaficha mfuko chini ya kitanda. Mdogo mno kuwa spika. Si kitu. Tegemeo langu ni shemeji.

Ijumaa, 25 Desemba

Naandika nikiwa chooni. Ndiyo sehemu pekee yenye kufuli.

Baada ya chakula mama mkwe alisema zawadi zitolewe. Akasimama yeye kwanza, akanijia mimi. Mto! Mto maalumu wa watu wanaokoroma. Alieleza mbele ya wote kwamba alipowaza ni kitu gani kizito kinachonguruma kikiguswa, akakumbuka alivyolala kwetu mwezi wa nane, chumba cha pili.

Mke wangu akasimama. Akanijia mimi. Mama mkwe akainua nyusi. Ulikuwa ule mfuko mdogo. Alisema safari hii hakubahatisha, alikwenda mwenyewe duka la muziki, na muuzaji alipomuuliza nyuzi ngapi, akataka nyingi kuliko zote. Kumi na mbili! "Usije ukasema tena hazitoshi, mume wangu."

Binti yangu akasimama, akanijia mimi. Amenichora nikipiga gita. Nilihesabu nyuzi. Nne. Mtu mmoja nyumba nzima! Vidole amenipa saba mkono mmoja, lakini nyuzi nne. Nilijifanya vumbi limeniingia jichoni.

Sebule ilikuwa imeanza kunyamaza kwa namna nisiyoipenda. Lakini shemeji akatoka nje, akarudi na boksi kubwa sana. Refu kufika kiunoni. Zito, anahema! Nikasahau kila kitu. Nikapiga magoti. Sikushangaa hata kuona lina matundu ubavuni, nilidhani ni ya kutolea sauti. Nikaligusa.

Likanguruma.

Ni mbwa. Mweusi, mnene kama pipa, amekaa sakafuni ananitazama kama mdeni wake. Nikamuuliza shemeji kwa nini, mwenye duka la spika, hakuwaza spika.

"Spika unaziona kwangu kila siku, shemeji," akasema. "Nikaona haifai. Nimezunguka mji mzima kumpata huyu."

Hapo mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo, "Na sisi wengine?"

Mbwa akajikuna. Mama mkwe akafungua kitambaa chake cha mkononi, akatoa kikaratasi. Baba Besi. Shemeji akafungua pochi. Baba Besi. Binti yangu akaleta chake mbio, anafurahi kwamba wamefanana. Mke wangu hakutoa chake. Alikaa akitazama tu ile B kwenye kikaratasi cha binti, na B zangu anazijua, zimevimba tumbo.

"Na wewe ulimpata nani?" akaniuliza.

Nikasema nilijipata mwenyewe, na kwa kuwa mtu hajinunulii zawadi, sikununua kitu.

Mama mkwe hakugomba. Angegomba ningepumua. Alisema tu kwamba alikuwa ameoga mapema na kuvaa vizuri akijua leo kuna mtu amemkumbuka. Basi. Tangu hapo niko humu chooni.

Jumapili, 27 Desemba

Hukumu imetoka. Mke wangu ameitoa kwa sauti ya darasani. Kabla ya mwaka mpya nimkarabatie mama mkwe kochi zima, kitambaa kipya, springi mpya. Binti nimshonee kiti chake cha kusomea. Shemeji kasema yeye hadai chochote, ila nimtunze mbwa vizuri, atakuwa anakuja kumsalimia. Nilipomuuliza mke wangu yeye anataka nini, alisema anataka mbwa atoke.

Nimefanya kazi kutwa sebuleni kwa mama mkwe. Yeye kaufuata kwa macho kila msumari niliopiga. Mchana akaniletea chai bila neno, ila sukari alitia ninavyoipenda. Nimeona aibu kidogo. Nikapiga stepla kwa nguvu zaidi.

Mbwa amekula sponji ya kiti kizima. Hakuumwa hata tumbo.

Jumanne, 29 Desemba

Kochi limekwisha. Kwa kweli limependeza. Mama mkwe alilikalia, akainuka, akalikalia tena upande wa pili. Akaniuliza kama nimekula. Nadhani nimesamehewa nusu.

Lakini onyesho limebakiza siku tatu na spika sina! Nimekwenda ukumbini kuangalia mazingira, mbwa akanifuata. Mlinzi wa ukumbi ni mzee mmoja mpole, anakaa pale peke yake siku nzima. Alipomwona mbwa alisimama. Alimwita, mbwa akaenda. Mimi nikimwita huyu mbwa huwa anatazama kwingine. Mzee akasema mnyama kama huyu angemfaa sana getini.

Nikachungulia stoo iliyo nyuma yake. Kumbe kuna spika! Kubwa kama kabati, imefunikwa turubai. Akasema ni yake mwenyewe, ya enzi zake za kupiga muziki kwenye harusi, na inafanya kazi vizuri ila hana wa kuitumia.

Sikuhitaji kutoa dokezo. Tumekubaliana palepale, mbwa kwa spika. Kila mtu ameondoka akidhani amempunja mwenzake.

Ijumaa, 1 Januari

Nimesikika!

Tulianza saa tisa mchana. Ukumbi umejaa. Spika ya mzee niliiweka nyuma yangu, ikanifunika mpaka mabega. Mkono wa Kushoto aliniuliza kama nimehamia na nyumba. Sikumjibu. Nilivuta uzi mmoja tu. Glasi zikagongana mezani. Akakirudisha kinanda chake hatua kadhaa nyuma.

Wimbo wa kwanza, watu wote wamesimama. Mama mkwe alikuwa mstari wa mbele na binti yangu, wanacheza wawili. Mke wangu alinipungia. Nilijihisi mrefu.

Kidoa kimoja tu. Shemeji aliingia akiwa amenuna, akaja mpaka jukwaani kuniuliza kwa nini mbwa wake yuko getini amevaa mkanda wa mlinzi. Nikamwambia yuko mafunzo kazini. Akafikiri kidogo, akasema amefurahi kwamba nina mipango naye.

Wimbo wa pili, kuna kitu kikatokea. Kiongozi akageuka. Mkono wa Kushoto akageuka. Waimbaji wakageuka, mmoja akisahau maneno. Nikajua ni ladha. Nikaongeza sauti! Watu wakaacha kucheza, labda wasikilize vizuri. Mbwa getini akaanza kulia kwa sauti ndefu.

Kiongozi akasimamisha wimbo. Akanijia, akaniuliza sikioni tangu lini naupiga wimbo ule kwa nota zile, tofauti na wenzangu wote. Nikamjibu kwa fahari: tangu siku ya kwanza niliyojiunga. Akauliza kuhusu wimbo wa tatu. Nikampigia kidogo. Wa nne. Nikampigia. Wa tano hakuuliza, aliomba kiti.

Tulimaliza onyesho kwa mkono wa kushoto.

Jumapili, 3 Januari

Kikao cha bendi. Sikufukuzwa. Kiongozi alisema nina moyo, na mtu mwenye moyo hafukuzwi, hufundishwa. Kila Jumanne nitakaa na Mkono wa Kushoto, naye atanielekeza nyimbo zetu upya, mmoja baada ya mwingine. Mke wangu kaona ni jambo jema. Hata mama mkwe kaniambia niende, mwanangu, kujifunza si kosa. Niliitikia kila kitu kwa unyenyekevu.

Kisha nimekaa peke yangu karakana, nimelifikiria suala hili kwa utulivu, na ukweli umejitokeza wenyewe. Mimi nimeupiga wimbo ule vilevile kila siku, bila kubadilika hata kidogo. Mtu akosee vilevile kila siku? Haiwezekani! Walio nje ya wimbo ni wao. Wako watano, wameambukizana, na hawajui kwa sababu walikuwa hawanisikii.

Siwalaumu. Nitawarekebisha, mmoja mmoja, kimyakimya. Jumanne nitakwenda kwa Mkono wa Kushoto kama mwanafunzi, na akitoka kwenda kumimina chai nitakigusa kidogo kile kinanda chake, kuna kitufe cha kupandisha na kushusha nota zote. Lakini si vizuri kuanza na mgumu. Kesho naanza na mpiga dramu. Dramu haina nota, hatakuwa na la kubisha.