Dobi Miongoni mwa Wanamachozi

Jumatatu, 3 Machi
Riwaya yangu ya mapenzi, Moyo Haupigwi Pasi, imetimiza mwaka tangu niichapishe kwa mfuko wangu. Wasomaji: mke wangu, aliyeishia sura ya pili. Anasema usingizi ulimzidi. Maboksi yamejaa chini ya meza ya kupigia pasi, sina pa kuweka miguu.

Leo fundi cherehani wa mlango wa pili kaniambia nakala za riwaya yake zimenunuliwa zote, anachapisha tena. Yule! Anayeandika huku anashona vifungo! Nikamuuliza siri yake. Akasema hana siri. Yumo tu kwenye kundi la mtandaoni la Wanamachozi, mashabiki wa ile tamthilia ya nesi na rubani. Amelia nao miaka. Alipotoa kitabu, wakakisoma.

Kumbe si kipaji. Ni kundi.

Jumanne, 4 Machi
Nimejiunga. Jina: Mama Pacha. Tamthilia sijaiona hata kidogo, lakini mapenzi ni mapenzi. Nikaanza kwa kumsifu mama wa nesi kwa busara zake za jana.

Mama wa nesi alishakufa. Kundi zima lilimfanyia matanga.

Maneno niliyorushiwa siyaandiki humu. Nikajitetea kwamba kwangu mimi hajafa. Wakaniomba radhi. Mmoja akanitumia picha ya mshumaa.

Alhamisi, 6 Machi
Wakati wa kuvuna. Nikapiga picha ya kitabu, nikaituma na maneno: jamani, nimekiokota hiki, nimelia mpaka basi.

Simu ikalia papo hapo. Shemeji, mdogo wa mke wangu. Sikujua kwamba ndiye kiongozi wa kundi. Kitabu hakukiuliza. Aliuliza gauni lake la zambarau, ambalo nilimwapia kwamba bado halijakauka, linafanya nini nyuma ya kitabu, limenyooka kama jipya. Nilikuwa nimelitundika kupendezesha picha.

"Shemeji," akasema, "Mama Pacha ni wewe?"

Nikakohoa kwa sauti nyembamba. Haikusaidia.

Hukumu: nitazame tamthilia yote tangu mwanzo, la sivyo ananianika mbele ya kundi. Na gauni nilipeleke leo.

Jumapili, 9 Machi
Natazama kwenye simu huku napiga pasi. Upuuzi mtupu. Rubani gani anageuza ndege kwa sababu ya leso?

Jumatatu, 10 Machi
Upuuzi, lakini nesi amehamishwa na rubani hajui. Nimeunguza ukosi wa shati la mwalimu mkuu. Chozi lilidondokea pasi, likachemka. Mke wangu akachungulia, akauliza nani kafa. Nikamwambia, mama wa nesi. Akavuta kigoda. Hatukula mchana.

Jumatano, 12 Machi
Wamewaachanisha kwa umbea wa jirani tu! Sikuvumilia. Nikaandika kisa kifupi: rubani anafika wodini, anaikuta sare ya nesi imekunjamana, anainyoosha, anaanzia ukosi. Nikakituma kwenye kundi. Nakiri, kitabu nilikuwa nimekisahau kabisa.

Kundi likawaka. Wakataka kiendelee. Wakauliza huyu Mama Pacha katokea wapi. Ndipo fundi cherehani akaandika mbele ya wote: "Huyo ni jirani yangu, dobi. Ana riwaya nzima, nimeisoma. Anzieni sura ya tatu."

Nikajificha chooni nikingoja matusi. Nilipotoka, wateja watatu walikuwa kaunta. Hawakuleta nguo; waliulizia kitabu.

Jumamosi, 15 Machi
Miguu sasa inaenea chini ya meza. Shemeji alipita na kuniambia watu wamenisoma kwa kuwa safari hii nililia nao kweli. Uongo wangu haukumnunulisha mtu hata nakala moja. Fundi cherehani akaafiki, huku akinisaidia kufunga vitabu. Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Lakini mimi si mtoto mdogo. Najua kilichouza: jina la kubuni na picha nzuri. Asubuhi hii nimejiunga na kundi la mashabiki wa kandanda, watu wengi kuliko Wanamachozi. Mimi ni Kocha Mstaafu. Mechi sijawahi kuitazama, ila salamu zangu za kwanza nimezitunga kwa ufundi: nimempongeza golikipa wao kwa mabao yote aliyoyaingiza wavuni mwake jana.

Kundi zima limenyamaza. Nadhani nimewagusa.