Kumpita Nassoro wa Kilimo

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo kazini tumempigia makofi Nassoro wa Kilimo. Hajafanya lolote. Amejiandikisha tu. Tarehe 27 kuna mashindano hapa Mtwara. Unaogelea kilomita moja na mita mia tisa pale Shangani, unapanda baiskeli kilomita tisini hadi Msimbati na kurudi, halafu unakimbia kilomita ishirini na moja. Mtu mmoja, siku moja. Mkuu wetu, Mama Veronika, alisema ofisi ijivunie kuwa na mtu wa aina hiyo. Aina hiyo. Mimi nipo masijala mwaka wa kumi na moja, sijapoteza faili hata moja, na makofi sijayasikia.

Nikasimama. Nikasema hata mimi nashiriki, nafanya mazoezi tangu Juni. Nilijisikia nikisema. Nassoro akafurahi sana, akaniambia, "Kaka Lukasi, kumbe tuko wawili. Tufanye mazoezi pamoja." Dharau ya wazi. Nimejiandikisha saa saba mchana, wenzangu wakila.

Kasoro ni moja. Nimezaliwa Manyoni. Maji mengi niliyowahi kuingia ni ya beseni.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeazima baiskeli ya jirani, ile anayobebea magunia. Nassoro anayo ya gia, nyembamba, inang'aa. Anaizungusha kila siku kwa wakulima wa korosho, yaani anafanya mazoezi kwa saa za serikali. Nilimdokeza Mama Veronika. Akasema ni mfano mzuri, anaokoa mafuta ya gari.

Jioni nimeondoa kengele, stendi, madigadi na keria. Sasa ni nyepesi, nadhani. Mke wangu Lucy aliuliza jirani atabebea wapi magunia yake. Akaendelea kusema Nassoro ana miguu ya mwanariadha. Yeye ni muuguzi, alisema hivyo kitaalamu. Nimemwuliza ni taaluma gani hiyo inayotazama miguu ya watu barabarani. Tumelala mapema.

Jumamosi, 6 Septemba

Msimbati. Nilitaka mwalimu wa kuogelea mbali na macho ya watu wa mjini. Wenyeji wakanielekeza kwa Bi Sabra, mama wa miaka sitini hivi, anayechokoa pweza miambani maji yakitoka. Nikamwamkia, nikaeleza shida yangu. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniambia nivue viatu.

Maji yalifika kiunoni tu. Nilizama humo humo. Akaniambia, "Mwanangu, unapigana na maji kama yamekudhulumu. Lala chali, tazama juu, yaache yakubebe." Nikazama tena. Mara ya tisa nikaelea. Nilihesabu hadi kumi na nne kabla miguu haijashuka. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo.

Tulipopumzika aliniuliza kwa nini nimeanza na umri huu. Nikamweleza yote. Kuna mtu kazini, Nassoro wa Kilimo, ana majivuno, anapendwa na kila mtu kwa sababu anatabasamu ovyo. Nataka kumpita mara moja tu, mbele ya watu. Bi Sabra alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nyumbani kwangu sijawahi kusikilizwa namna ile.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada nimekwenda Msimbati tena, somo la tatu. Nimeogelea kama mita mia moja bila kugusa chini. Natoka majini nikiwa mtu mpya, namkuta nani kwenye mkeka wa Bi Sabra, anakula pweza wa nazi? Nassoro. Akasema, "Kaka Lukasi, umemjuaje mama?"

Mama yake mzazi.

Nilimvuta Bi Sabra pembeni nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema huku akicheka kwamba hakuniambia kwa sababu hakuulizwa, na alitaka kujua kama mwanawe anatabasamu ovyo hata kazini. Aliniapia hajamweleza neno. Kisha akawa hacheki tena. Alisema mume wake alichukuliwa na mkondo hapo hapo mbele ya kijiji, na alikuwa anajua kuogelea kuliko sisi sote. "Nassoro anajua maji, wewe bado. Siku hiyo msiachane." Nikaahidi. Ningekataaje?

Nikakaribishwa mkekani. Pweza alikuwa mtamu sana. Hilo nalo limeniudhi.

Jumanne, 23 Septemba

Sasa nafika mita mia sita, nikipumzika chali katikati. Baiskeli nafika kijiji cha Ziwani na kurudi, makalio yakifa ganzi. Kukimbia sijajaribu. Kukimbia kila mtu anajua.

Nassoro ameniletea helmeti yake ya pili. Inanibana. Ninashuku amechagua inayobana. Lucy amempelekea chapati za kumshukuru. Nilizihesabu kwenye hotipoti: sita. Mimi hupata mbili.

Ijumaa, 26 Septemba

Nassoro yuko Kitaya tangu jana kwa kazi za wakulima, kwa hiyo hakuhudhuria kikao cha washiriki. Mchana alinipigia simu kuuliza tunaanza saa ngapi. Kikaoni tuliambiwa saa kumi na mbili asubuhi. Nikamwambia saa moja.

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Alinishukuru mara mbili.

Nimejiuliza kama nimevunja ahadi kwa Bi Sabra. Sijaivunja. Alisema tusiachane. Nassoro akichelewa, yeye ndiye aliyeniacha.

Jumamosi, 27 Septemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Kukaa hakuwezekani.

Nilifika Shangani saa kumi na moja. Saa kumi na mbili tulijipanga. Waandaaji wakaenda kutazama maji, wakarudi wakinong'ona, wakatangaza kwamba bahari haijajaa vya kutosha. Tutaanza saa moja. Nilisimama ufukweni saa nzima na kaptura yangu, upepo ukinipiga. Ndizi zote nilizobeba za kula njiani nilizila kwa wasiwasi. Saa moja kasoro dakika kumi Nassoro akafika, amelala vizuri, amepumzika. Akanishika mkono. "Nilipotazama maji yanavyokwenda wiki hii nikasema saa kumi na mbili haiwezekani. Wenzetu wote wamekuja bure mapema. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia ukweli." Lucy alikuwa pale, kwenye hema la huduma ya kwanza. Alinitazama kwa fahari. Miaka kumi na sita ya ndoa, mara ya kwanza ananitazama hivyo, na ni kwa jambo hili.

Tukaingia majini. Mita mia tatu nilikwenda vizuri. Kisha mtu akanipiga teke la bega, nikameza maji, nikatazama chini nisione chini. Nikasahau kila kitu. Nilipiga mikono, nikaita, maji yakaingia mdomoni. Boti ya uokoaji ilikuwa upande wa pili. Nilifikiri juu ya binti yetu Upendo na nguo zake za kipaimara, ambazo nilimkatalia rangi.

Nikasikia mtu ubavuni anasema taratibu, "Kaka, lala chali. Tazama juu." Nassoro. Alikuwa miongoni mwa wanne wa mbele, na amegeuka. Nikalala chali. Akaweka kiganja chini ya mgongo wangu mpaka nikaacha kutetemeka. Alisema tutakwenda pole pole, na hakuna anayetufukuza. Ni uongo, muda ulikuwa unatufukuza, lakini nilimwamini. Tulitoka wa mwisho, bega kwa bega. Nilipogusa mchanga nilitaka kulia.

Nassoro akasimama kuwaeleza waokoaji kwamba niko salama. Nikaona baiskeli yake bado imeegemezwa. Nikaichukua yangu nikaondoka. Nakiri hapa, ambapo hakuna anayesoma, kwamba zile kilomita kumi na moja nilizokuwa mbele yake zilikuwa nzuri kuliko siku yangu ya harusi. Kisha akanipita. Alipunga mkono. Anatabasamu, bila shaka.

Nilimkuta Bi Sabra kwenye mgeuzo, Msimbati, ameshika jagi la maji. Jua lilikuwa kali, wengine wote walikuwa wamepita zamani. Aliniambia Nassoro amemweleza kwamba nimetoka salama majini, ila alitaka kuniona kwa macho yake. Akauliza, "Mlikwenda pamoja?"

Nikasema tulitoka majini pamoja. Akauliza na baada ya hapo? Nilikunywa jagi zima ili nisijibu. Akanisubiri nimalize, akanifuta chumvi usoni kwa upande wa kanga yake, akanigeuzia baiskeli ielekee mjini.

Saa saba mchana, kilomita ya hamsini na nane, gari la waandaaji likanipakia. Muda umekwisha. Nassoro amemaliza wa kumi na saba. Lucy anasema asingegeuka pale majini angekuwa wa tatu au wa nne. Amesema, "Baba Upendo, Jumatatu utamshukuru mbele ya watu." Halikuwa ombi.

Jumatatu, 29 Septemba

Usiku niliandika shukrani, mistari mitatu. Katika wa tatu nilikiri juu ya ile saa moja. Niliufuta, nikauandika tena, nikauacha. Niliifanyia mazoezi nikinyoa ndevu. Nilikuwa tayari kabisa.

Mama Veronika alipofungua kikao, Nassoro akaomba nafasi kabla yangu. Akasimama akasema mtu aliyezaliwa kando ya bahari hana cha kujisifu akiogelea. Lakini mtu wa Manyoni, wa miaka arobaini na mitatu, aliyejifunza kwa wiki tatu kisha akaingia kwenye maji yanayomtisha, huyo ndiye jasiri. Akasema mama yake anasalimia na kuuliza nitarudi lini kwa masomo. Ofisi nzima ikasimama kunipigia makofi. Dereva wa mkurugenzi alipiga mluzi.

Miaka kumi na moja nimeyangoja. Nikasikiliza kwa makini, na nikagundua kitu. Yalikuwa makofi ya hotuba yake. Hata kunisifu amenishinda.

Karatasi yangu imebaki mfukoni. Haukuwa wakati wake.

Wakati wa chai Nassoro alisema hatashindana tena, magoti yamechoka. Sasa anataka kutulia, alime nyanya kidogo nyuma ya nyumba. Nilimwuliza mbegu gani, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akanitajia.

Jioni nimepitia duka la pembejeo. Zake zinakomaa siku tisini. Nimenunua za siku sitini na tano, na kesho alfajiri naanza kulima pale Lucy alipopanda maua.