Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyeinyima Injini Arobaini Yake

Timotheo Kihwele,
Igowole, Mufindi.
18 Novemba.

Kwa Bi Mwantumu, Katibu,
Umoja wa Mafundi Injini wa Bondeni,
Uyole, Mbeya.

YAH: FUNDI NASRI KUMDHALILISHA MZAZI

Bi Mwantumu, shikamoo. Hatujaonana, lakini nimeambiwa wewe ni mama wa watoto watano. Ndiyo sababu barua hii sikumwandikia mwenyekiti wenu, ambaye ni mwanamume na huenda asinielewe.

Mwanachama wenu Nasri, mkazi wa Soweto hapo hapo Mbeya, aliishusha injini ya trekta langu mwezi wa tisa. Aliifungua yote, akatoa pistoni, akazivika ringi mpya, zile pete za chuma, akaifunga. Trekta lilirudi nyumbani tarehe 5 Oktoba, na kwa hilo sina neno. Kazi ilikuwa safi, nami nilimpa mkono.

Sasa, mama, wewe unajua. Kiumbe aliyefunguliwa tumboni na kufungwa tena ni mzazi. Na kwetu mzazi hupumzika siku arobaini, hashiki jembe wala ndoo. Mimi nikaitimizia injini arobaini yake bila kupunguza hata siku moja. Kila asubuhi niliiwasha nikaiacha ingurume taratibu pale pale uani mpaka saa sita, ipashe mwili moto bila kujichosha. Jioni niliifunika blanketi. Majirani walikuja kutoa pongezi na supu ya kuku, na kwa kuwa mzazi mwenyewe hanywi supu, niliinywa mimi kwa niaba yake. Ulezi huo niliubeba peke yangu, maana mke wangu Severina alikuwa ameshikwa na shamba.

Tarehe 15 mwezi huu nikaifungia plau ya kulimia. Haikupanda hata kile kimwinuko cha kwa Tadeo, jirani yangu. Ilikohoa, ikatoa moshi mahali pasipo pake, ikarusha oili mpaka kwenye suruali yangu ya kanisani. Nikamwita Nasri, naye akafika juzi kwa basi. Aliyoyatenda hapa uani ndiyo haya.

1. Alimpima mzazi hadharani. Injini ikiwa inanguruma, alifungua kifuniko cha kujazia oili, akakigeuza, akakiweka juu ya tundu. Kifuniko kikachezacheza kikaruka, na moshi ukatoka tundu lile kama chungu cha maharage kinachochemka. Nasri akawaita watu waje waone. Alisema moto unaotakiwa kuisukuma pistoni unapenya pembeni yake na kuteremka kwenye oili, ndiyo maana nguvu hakuna. Huenda ni kweli. Lakini mambo ya chini ya mzazi yanasemwa mbele ya Tadeo? Tadeo alicheka mpaka akashika ukuta. Roho iliniuma sana.

2. Alimhukumu kwa ushahidi wa kijiko. Alichomoa nozeli zinazopuliza dizeli, akafunga kipimo cha mgandamizo wa hewa kwenye kila tundu, akaizungusha injini kwa starta. Silinda zote nne mshale ulisimama chini. Kisha akamimina oili kijiko kimoja kwa kila silinda, akapima tena, mshale ukapanda. Akatangaza kwamba valvu na gaskiti hazina kosa. Oili imeziba kwa muda mahali ringi zilipotakiwa kuziba, kwa hiyo mkosaji ni ringi. Bi Mwantumu, hiyo ni hukumu ya wapi? Mtu yeyote aliyedhoofika ukimpa kijiko cha mafuta atainuka. Hata mimi ningeinuka. Nilimwambia hivyo, naye akaendelea kufungua kipimo chake.

3. Aliniuliza nimeitumiaje. Nikamweleza kwa fahari kama nilivyokueleza wewe, pamoja na blanketi. Fundi mzima akakaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa. Halafu akasema, na maneno haya nayanukuu ili Umoja wenu uyajue:

"Kaka Timotheo, injini haina arobaini. Ringi mpya zinataka mzigo tangu siku ya kwanza, zisuguane na ukuta wa silinda mpaka zikamatane. Wewe umeipa kunguruma bila kazi wiki sita, sasa ukuta umekuwa laini kama kioo, ringi zitashika wapi?"

Nakiri kwamba siku ya kukabidhi alikuwa ameniambia niipeleke shambani kesho yake. Nilidhani ni maneno tu ya kuagana.

4. Ameagiza mateso. Anataka ifungiwe plau na kulimishwa udongo mzito siku mbili mfululizo, labda ringi zitakamata. Zisipokamata, eti aifungue tena, aukwaruze ukuta wa silinda na kuweka ringi nyingine. Kufunguliwa mara mbili ndani ya msimu mmoja! Nilimzuia kwa mwili wangu, na akaondoka na basi la saa nane hata chai hajamaliza.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Fundisho hili likienea, litaishia wapi? Leo ni trekta. Kesho mwanamke atakuwa ametoka kujifungua, na mume wake atamwambia mzigo ndio dawa, atamtwisha jembe kabla hata kitovu cha mtoto hakijakauka. Ni mume gani mwenye moyo wa nyama atakayefanya hivyo? Bado mimi sijamwona, na nisingependa kumwona hapa Igowole.

Kwa hiyo naomba Nasri asimamishwe kazi mpaka akae mwezi mmoja na wakunga. Naomba pia Umoja uandike kanuni kwamba kila injini iliyoshushwa ipewe siku arobaini, na yangu iongezewe nyingine arobaini kwa kudhalilishwa. Nakuomba uharakishe. Mawingu yameshaanza kukaa upande wa milimani, nina ekari tatu, na iliyolimwa ni moja tu, kwa mkono. Mvua ikizikuta mbili zile na majani, mwakani nyumba hii itakula unga wa dukani, ukipatikana.

Wasalimie wanao wote watano, na mafundi wote isipokuwa mmoja unayemjua.

Ni mimi mtunza mzazi,
Timotheo Kihwele

Nyongeza, 20 Novemba. Barua hii ilikosa basi, nami nikampa Severina aisome, kwa kuwa alinipita shuleni. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka shamba, Mercy mgongoni. Mercy ni binti yetu, amezaliwa tarehe 20 mwezi uliopita. Alisoma mpaka mwisho, akairudia namba tano, kisha akaniuliza: "Baba Mercy, arobaini yangu mimi iliishia siku ya ngapi?"

Nilihesabu kwa uaminifu. Ilikuwa siku ya tisa.

Hakupaza sauti. Aliniegemezea jembe mlangoni, akaingia ndani, akalala na mtoto, na anasema zimebaki siku thelathini na moja. Hiyo ilikuwa jana asubuhi. Tangu hapo nimelima matuta manne, viganja vimetoka malengelenge, na uji nakoroga mimi.

Kwa hiyo, Bi Mwantumu, nayafuta malalamiko yote matano na ile kanuni. Mwambie Nasri aje kwa basi la kwanza, plau nimeshaifunga. Ailimishe injini hiyo udongo mzito kadiri apendavyo, na isipokamata aifungue mbele ya kijiji kizima, Tadeo akiwemo. Maana jana nilipoketi kwenye tuta la nne nilijaribu kufikiri Severina alifikaje mwisho wa ekari nzima na mtoto mgongoni, nikashindwa, na niliona aibu sana.